Mheshimiwa Waziri, si kila kijiti chekundu ni kifua kikuu

Kwako Mheshimiwa Waziri wa Afya,

YAH: WATU WAZIMA WANAOTIBIWA KIFUA KIKUU AMBACHO HAWANA

Mheshimiwa, kazi yangu ni kusoma makohozi. Nimekaa nyuma ya hadubini miaka mingi, na siku hizi naiogopa alama moja ninayoiandika kwa mkono wangu kwenye rejista: AFB, yaani bakteria wanaoshikilia rangi hata wakioshwa kwa asidi, kisha alama ya kujumlisha. Nikishaiandika, mgonjwa ana TB. Kadi inafunguliwa, dawa zinatoka, watu wa nyumbani kwake wanaitwa kupimwa. Lakini mimi sikuandika kwamba ana TB. Niliandika kwamba nimeona vijiti vyekundu.

Rangi ya Ziehl-Neelsen, tunayopaka makohozi kabla ya kuyatazama, hushika kwenye ukuta wenye nta wa bakteria wa jamii ya maikobakteria, na haitoki hata ukiosha kwa asidi. Bakteria wa kifua kikuu, yule aliyetangazwa na Robert Koch mwaka 1882, ana ukuta huo. Shida ni kwamba ana ndugu karibu 200 wenye ukuta wa namna hiyohiyo, wanaoitwa maikobakteria wasio wa kifua kikuu. Hao huishi majini na udongoni, hujishikiza ndani ya mabomba na kwenye vichwa vya bomba za kuogea, na klorini ya kawaida haiwamalizi. Wengi wao hawana habari na binadamu. Wachache huingia pafuni wakaweka makazi: Mycobacterium avium na wenzake wa karibu, ambao sisi wa maabara tunawaita MAC, halafu kuna kansasii, xenopi na yule mkorofi, abscessus. Chini ya lenzi yangu wote wamevaa sare moja.

Najua utaambiwa kwamba ugonjwa unaoletwa na ndugu hawa ni nadra, na mezani kwako kuna magonjwa yanayoua wengi zaidi. Sibishi. Ila sehemu ya unadra huo tumeitengeneza wenyewe, maana kisichokuwa na safu kwenye rejista hakihesabiwi.

Wanaoupata zaidi ni wale ambao mapafu yao yalishaumia: waliougua TB zamani ikawaachia makovu, wenye njia za hewa zilizotanuka, wavutaji sigara wa muda mrefu, wachimba migodi waliovuta vumbi la mawe. Wapo pia wanawake wa umri mkubwa, wembamba, ambao hawajawahi kugusa sigara. Sasa fikiria mtu aliyepona TB miaka kumi iliyopita anarudi na kikohozi, anakonda, usiku anatoka jasho. Nani hatasema imerudi? Hata mimi ningesema.

Kuna mama mmoja ambaye makohozi yake yalipita mikononi mwangu mara nyingi mno. Mara ya kwanza, chanya. Akameza dawa miezi sita bila kukosa siku. Akapimwa tena: chanya. Akaanzishiwa upya. Baadaye pakawa na wasiwasi wa usugu wa dawa, sampuli ikapelekwa kwenye mashine ya GeneXpert, inayotafuta vinasaba vya bakteria wa TB, nayo ikasema haioni TB. Kwenye fomu pakaandikwa “rudia kipimo”. Tukarudia. Jibu likawa lilelile, na fomu ikarudi na maneno yaleyale. Majibu mawili yalikuwa yanazungumza, hadubini ikisema kuna bakteria na mashine ikisema si wa TB, na hakuna aliyeyasoma kwa pamoja. Nami nimo katika hao. Makohozi yake yalipooteshwa hatimaye, yaani bakteria waliomo walipokuzwa maabara, wakaota MAC, kwenye sampuli mbili za siku tofauti.

Ninachoshindwa kusahau ni kwamba muda wote huo alikuwa na kikombe chake peke yake, na wajukuu walikatazwa kumkaribia. Ugonjwa aliokuwa nao kwa kawaida hauambukizwi kutoka mtu hadi mtu.

Na dawa zake? Rifampisini na ethambutoli alizokuwa akimeza ni kweli zimo katika tiba ya MAC. Nguzo ya tiba hiyo, azithromaisini, haikuwepo. Kwa hiyo alikuwa anapata nafuu kidogo, anarudi nyuma, na kila nafuu ilituthibitishia kosa letu.

Ombi langu la kwanza halihitaji jengo jipya. Mgonjwa akiwa chanya kwenye hadubini na hasi kwenye GeneXpert, asirudishiwe fomu tu. Makohozi yake yaoteshwe. Vivyo hivyo kwa yeyote anayemaliza dawa za TB akiwa bado chanya. Bakteria wakishaota, kipo kipimo cha ukanda kinachotafuta protini ya MPT64, na ndani ya dakika 15 kinaonyesha kama ni wa kifua kikuu au la. Kumjua ni ndugu yupi hasa kunahitaji maabara kubwa zaidi, na hapo ndipo panapohitaji fedha yako, kwa sababu abscessus hasikii dawa za TB hata kidogo. Anataka mchanganyiko mwingine, mara nyingi ukiwa na dawa za kuchomwa kwenye mshipa.

Nisieleweke vibaya. Sitaki tuhame kutoka kosa moja kwenda jingine. Bakteria hawa wamo majini, hivyo sampuli moja iliyoota yaweza kuwa uchafu tu. Mwongozo wa kimataifa wa mwaka 2020 unataka dalili, picha ya kifua inayoonyesha ugonjwa, na angalau sampuli mbili tofauti za makohozi zilizoota. Hata vikitimia vyote, wapo wagonjwa ambao daktari atachagua kuwafuatilia na kuwafundisha kusafisha kifua kabla ya kuwapa kidonge chochote. Tiba yenyewe si ya mchezo: ya MAC huendelea miezi 12 baada ya makohozi kuwa safi, ethambutoli yaweza kudhuru macho, na amikasini, kwa wanaoihitaji, yaweza kuondoka na masikio. Tena azithromaisini ikitolewa peke yake, kama inavyotolewa kwa kila kikohozi, bakteria hujifunza kuishinda, na tukiipoteza hiyo hatuna ya kulingana nayo.

Ombi la pili ni dogo hata naona haya kuliandikia barua. Rejista yetu ina safu ya chanya na safu ya hasi. Naomba safu ya tatu, ya maikobakteria wasio wa kifua kikuu, ili nitakapoona vijiti vingine kama vya yule mama niwe na mahali pa kuviandika.

Wako mtiifu,
Mtaalamu wa maabara ya kifua kikuu