Vyuo visome ripoti za wanafunzi, visiishie kwenye asilimia

Mhariri,

Nina steshenari hapa Majengo, Moshi, mwaka wa tisa sasa. Ikifika Juni meza yangu hujaa ripoti za utafiti za wanachuo wa mwaka wa mwisho: kuchapa, kupanga kurasa, kubaindi. Siku hizi kuna kazi nyingine wanayoiomba kwa sauti ya chini: "Shikamoo mama, naomba unishushie asilimia."

Asilimia yenyewe ni ya Turnitin, programu inayolinganisha maandishi ya mwanafunzi na yaliyomo kwenye hazina yake na kwenye intaneti. Inaonyesha kwa rangi maneno yaliyofanana, basi. Nani kaiba, haisemi. Lakini ukivuka kiwango cha chuo, ripoti inarudi.

Mwaka jana kijana mmoja aliniletea ripoti ya mtu, utafiti uliofanyika Mbeya, maneno keshayageuzageuza. Alitaka kila penye Mbeya pawe Moshi. Nikabadilisha zote kwa mkupuo. Wakati wa kubaindi jicho likatua ukurasa wa 23: Moshi inapakana na Chunya na Rungwe. Nikamwonyesha. "Acha tu mama, hawasomi." Ikatoka asilimia 14, ikapita, akavaa joho. Nilipokea shilingi 15,000 zake, na sijivui lawama.

Wiki hiyohiyo alikuja binti na kiroba cha madodoso 80, mengine yana madoa meusi ya utomvu, maana aliyajaza akiwa amekaa na kina mama wauza ndizi soko la Mbuyuni. Yeye alipata asilimia 38. Tuliipitia rangi kwa rangi: vifungu vya sheria alivyonukuu neno kwa neno na kutaja chanzo, orodha ya marejeo, hata maswali ya dodoso lenyewe. Msimamizi aliangalia namba, akamrudisha akaandike upya. Wenzake wakahitimu, yeye akabaki.

Mwaka 2011 Waziri wa Ulinzi wa Ujerumani, Karl-Theodor zu Guttenberg, alijiuzulu baada ya Chuo Kikuu cha Bayreuth kumvua shahada ya uzamivu kwa kunakili kazi za wengine bila kuwataja. Chuo hichohicho kilikuwa kimempa alama ya juu kabisa. Waliomuumbua ni watu waliokaa wakalinganisha tasnifu yake ukurasa kwa ukurasa.

Kwa hiyo naomba msimamizi asome. Amwite mwanafunzi robo saa amuulize: ulikwenda wapi, nani alikataa kukujibu, madodoso yako yako wapi? Aliyedesa hawezi kuivuka robo saa hiyo. Najua msimamizi mmoja anabebeshwa wanafunzi wengi mno. Hilo ni la uongozi wa chuo kulitatua, wala mzigo wake asitwishwe mwanafunzi. Na kunukuu kufundishwe tangu mwaka wa kwanza, kwa mazoezi. Wengi wanaofika kwangu hawajui kwamba ukibadilisha maneno ya mtu bado unapaswa kumtaja.

Yule binti amerudi mwezi uliopita kubaindi. Kiroba bado anacho. Nikamuuliza kama kuna aliyeyataka madodoso yake. Akasema hakuna.

Mama Steshenari,
Majengo, Moshi