Michezo yetu imepangika

Mpenzi Salma,

Hujambo? Uliuliza lile faili la michezo yetu ya sataranji limefikia wapi. Limepangika, ila nimeshapoteza jioni mbili kwa ubishi wangu.

Nilianza kuipanga kwa mkono kufuata ufunguzi, nikitazama hatua ya kwanza tu, yaani mraba inapokwenda kete: e4 huku, d4 kule. Nikajiona fundi, mpaka nikakuta mchezo mmoja kwenye fungu la d4: d4 e6, kisha e4 d5, halafu farasi c3. Hebu ipange ubaoni. Si Ulinzi wa Kifaransa huo, ufunguzi wa fungu la e4, umeingia tu kwa mlango wa nyuma?

Ndipo nikashusha pgn-extract, programu ya kupanga michezo ya sataranji. Ni ya bure, lakini usitafute vitufe, kila kitu unaandika kwa amri. Ukiiongezea -e pamoja na faili la eco.pgn, inatambua ufunguzi kwa mkao wa kete, hata hatua zikija kwa mpangilio mwingine. Mchezo ule iliutupa C10, namba ya Kifaransa, bila kusita.

Namba hizo za kutambulisha funguzi, ziitwazo ECO, ziko 500, kuanzia A00 hadi E99. Mimi kwa tamaa nikaandika -E3, kila namba na faili lake, na folda ikajaa mafaili yenye mchezo mmoja mmoja. Nikafuta yote, nikarudi kwenye -E2, inayotazama herufi na tarakimu ya kwanza tu. Hapo ndipo pazuri kwako, maana B90 hadi B99 zote ni Najdorf, tawi la ufunguzi wa Sisilia. Sisilia yako uipendayo inakaa faili moja, B9.pgn.

Jambo moja lilinichekesha. Niliweka -D ili iondoe michezo iliyojirudia, maana ulinitumia baadhi mara mbili. Baadaye nikaona ushindi wangu mmoja haupo! Kumbe programu inalinganisha hatua, tarehe haiijali. Ile mati ya malkia f7, hatua ya nne, nilikufunga siku mbili tofauti, hatua zilezile, nayo ikahesabu ni mchezo mmoja. Ukija kufanya yako tumia -d na jina la faili, iliyojirudia iwekwe pembeni uikague. Ushindi wangu nimeurudisha, usijali.

Nimeambatisha B9. Fungua mchezo wa tatu, uniambie ulikuwa unawaza nini ulipopeleka malkia b2 kula ile kete ndogo, pioni.

Wako,
Mwanaidi