Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti kwa Wanachama: Swali la Bani na Kazi ya Maabara Yetu

Ndugu wanachama, mwangaluka.

Katika mkutano mkuu uliopita, mzee mmoja mkulima wa tumbaku kutoka upande wa Urambo alisimama nyuma kabisa ya ukumbi akauliza swali ambalo kamati tendaji haikuwa na jibu lake. Alitaka kujua kwa nini yapo majani yanayogoma kuacha kijani ndani ya bani, yaani banda la kukaushia tumbaku kwa moto, hata ukizidisha kuni. Akaongeza kwamba kama sisi tuna maabara ya majani, basi swali hilo ni letu. Baadhi yenu mliona ametoka nje ya ajenda. Mimi nililiandika kwenye daftari langu. Sehemu kubwa ya taarifa hii ni habari ya swali hilo, maana ndilo lililoongoza kazi yetu mwaka mzima.

Kwa waliojiunga karibuni: chama chetu kina chumba kimoja cha maabara ya sayansi ya mimea hapa Tabora mjini, na mfuko mdogo unaotokana na ada na michango yenu. Mfuko huo huwasaidia vijana wa sekondari na vyuo kuchunguza kloroplasti, yaani vile vijipande vya kijani vilivyomo ndani ya seli za jani, ambamo mwanga wa jua, maji na hewa ya ukaa hugeuzwa kuwa sukari. Kazi hiyo ndiyo inayoitwa usanisinuru. Ugali wetu, asali yetu, na hata kuni tunazopikia vimeanzia humo.

Sasa nirudi kwenye bani.

Vijana wetu walitengeneza visanduku vya mbao vyenye balbu ndani, kimoja cha joto dogo na unyevu mwingi, kingine cha joto kali tangu mwanzo. Majani yalichumwa shamba moja, siku moja, urefu mmoja wa shina. Kila asubuhi walikata vipande vya ukubwa sawa, wakavisaga kwenye spiriti, wakachuja na kupanga testi tyubu dirishani. Hakuna kifaa cha gharama hapo. Macho yalitosha. Katika kisanduku cha joto dogo, kijani kilipungua siku hata siku mpaka ikabaki njano safi. Katika kile cha joto kali, jani lilikauka likiwa na kijani chake, na kila asubuhi testi tyubu zake zilionyesha kijani kilekile.

Maelezo yake ni haya, na sayansi inayajua tangu zamani. Sisi tumeyaona tu kwa mikono yetu. Jani lililochumwa halijafa. Linaendelea kupumua, linakula wanga wake lenyewe na kuugeuza sukari, na vimeng'enya vyake, yaani protini zinazoharakisha kazi za kikemia ndani ya jani, vinaanza kuibomoa kloroplasti kipande kwa kipande. Klorofili, yaani ule ukijani, inavunjwa na jani lenyewe likiwa hai. Ile njano haiji kutoka kokote: ni rangi ziitwazo karotenoidi, zilizokuwamo ndani ya kloroplasti siku zote, ila zilifunikwa na kijani. Ndiyo maana hatua ya kwanza ya kukausha huhitaji joto la wastani, kama nyuzi 35 hivi za Selsiasi, na unyevu wa kutosha. Ukikoleza moto mapema unaliua jani kabla halijamaliza kazi yake. Vimeng'enya vinakoma, na kijani kinabaki kimefungiwa ndani. Kuni utakazoongeza baada ya hapo haziwezi kukitoa.

Yule mzee alikuja kutazama testi tyubu zile. Alikaa nazo muda mrefu kuliko mgeni yeyote tuliyewahi kumpokea. Kisha akawaeleza vijana jambo ambalo hatukulijua: jinsi yeye anavyolipima jani kwa kidole kabla ya kuongeza moto, na jinsi jani lililochumwa bichi mno linavyotofautiana na lililopevuka. Siku ile aliyefundisha ni yeye, na sisi tulikuwa wanafunzi. Nimeomba kamati imwingize katika orodha ya wakufunzi wa maabara, na kamati imekubali.

Nataka niwe mwangalifu hapa. Hatujapima kama ujuzi huu unapunguza kuni kwenye bani la kweli. Visanduku vyetu si bani. Lakini kila mmoja wetu ameona misitu ya miombo ilivyorudi nyuma kati ya Urambo na Kaliua, na anajua mabani yanakula miti kiasi gani. Kama kuna mzigo mmoja wa kuni unaochomwa bure kwa kulisukuma jani ambalo tayari limekufa, basi inafaa tuujue. Hilo ndilo ombi langu la kwanza kwenu: turuhusu mfuko ugharimie jaribio katika mabani halisi msimu ujao, kwa wakulima watakaojitolea.

Nimeulizwa mara kadhaa mwaka huu, na kwa ukali kidogo, kwa nini chama cha sayansi kijishughulishe na tumbaku wakati madhara ya sigara yanajulikana. Swali ni la haki. Sitetei sigara, na chama hakipokei fedha za makampuni ya tumbaku. Ila mmea wenyewe una historia nyingine, na ningependa kila mtoto wa Tabora aijue. Kloroplasti ina vinasaba vyake yenyewe, mbali na vile vya kiini cha seli, kwa kuwa asili yake ni bakteria wa kijani-buluu aliyemezwa na seli nyingine zaidi ya miaka bilioni moja iliyopita, akabaki humo akifanya kazi. Mwaka 1986 watafiti wa Japani walisoma kwa mara ya kwanza vinasaba vyote vya kloroplasti, herufi baada ya herufi, yaani kila kiungo cha kikemia kinachoviunda. Kundi la Kyoto lilisoma vya mmea mdogo usiotoa maua, Marchantia polymorpha. Kundi la Nagoya, chini ya Masahiro Sugiura, lilisoma vya tumbaku: herufi takriban 156,000. Mmea ule ule tunaoupalilia Sikonge na Uyui.

Haikuishia hapo. Mwaka 2016 watafiti wa Illinois nchini Marekani walichapisha kazi yao juu ya jani linapopigwa na jua kali kisha likapita wingu. Juani kloroplasti hujikinga kwa kutupa nguvu iliyozidi kama joto, lakini wingu likija huchelewa kuacha kujikinga, na mwanga unapotea bure. Waliharakisha hatua hiyo ya kuacha kujikinga, na mimea shambani ikaongezeka uzito kwa asilimia 14 hadi 20. Waliifanya kwa tumbaku, kwa sababu ni rahisi kuifanyia majaribio ya jeni na hutoa mbegu nyingi. Lengo lao lilikuwa mazao ya chakula. Maabara yetu haifanyi uhandisi jeni, yaani kubadili vinasaba vya mmea, wala haina mpango huo. Nimeona nilitamke hilo wazi kwa sababu uvumi ulifika hadi Nzega. Ninachotaka kusema ni kwamba jani hili, ambalo watu wetu wanalijua kwa kuligusa tu, limewafundisha wanasayansi wa dunia nzima. Inaniuma kwamba mtoto wa mkulima wa Kaliua humaliza kidato cha nne bila kuambiwa jambo hilo hata mara moja.

Kazi ya pili ya mwaka ilianza kwa bahati. Wanafunzi walileta kutoka kwao majani ya mahindi na tumbaku yenye njano katikati ya mishipa, huku mishipa yenyewe ikiwa bado ya kijani. Majani ya chini ndiyo yaliyoanza. Tuliwafundisha kusoma dalili hiyo: katikati ya kila molekuli ya klorofili kuna atomu moja ya magnesi, na mmea ukiikosa huinyang'anya kutoka majani ya zamani na kuipeleka kwa machanga. Udongo wetu wa kichanga, mvua ikipiga mfululizo, huachia magnesi ikaoshwa kwenda chini. Upungufu wa chuma huonekana kinyume chake, majani ya juu hutangulia. Wa naitrojeni hulipausha jani zima, kuanzia chini. Wengi mlikuwa mkiongeza CAN, mbolea ya naitrojeni, kwa kila njano mnayoiona. Hatuna uwezo wa kupima udongo, kwa hiyo tumewaelekeza wahusika kwa maofisa ugani na kituo cha utafiti cha Tumbi. Bango la dalili hizo, lililochorwa na wanafunzi wenyewe, limetundikwa mlangoni, na mtu yeyote anaruhusiwa kulinakili.

Sasa jambo ambalo sikulifanya vizuri.

Mwezi wa tano niliidhinisha ununuzi wa mashine ya kuzungusha sampuli, iliyotumika, kutoka kwa muuzaji mmoja aliyetuhakikishia kuwa ni nzima. Sikusubiri kikao cha kamati, kwa hofu kwamba ingechukuliwa na mwingine. Ilifanya kazi wiki mbili, ikaungua mota. Muuzaji hakurudisha fedha. Kosa la kuruka kikao ni langu, si la katibu wala mweka hazina, na nimelipa sehemu ya hasara hiyo kutoka mfukoni mwangu. Kuanzia sasa hakuna kifaa kitakachonunuliwa bila sahihi tatu na bila fundi wetu kukijaribu.

Hasara yenyewe iliangukia kwa vijana. Walikuwa wakijiandaa kurudia jaribio la Robert Hill wa Cambridge, ambaye mwaka 1937 alionyesha kwamba kloroplasti zilizotolewa nje ya seli bado hutoa oksijeni zikipata mwanga na kitu cha kupokea elektroni, yaani chembe ndogo mno za umeme. Kloroplasti zikitolewa huhitaji baridi muda wote. Siku ya jaribio mashine ilikuwa imeshaungua, umeme ukakatika, barafu ikayeyuka. Hawakukata tamaa. Wiki iliyofuata walisaga spinachi kwa kinu na mchi kwenye maji baridi ya sukari, wakachuja kwa kitambaa, wakaacha masalia mazito yatuame kwenye ndoo ya barafu, wakaongeza rangi ya buluu ambayo hupotea ikipokea elektroni. Testi tyubu moja waliifunga kwa karatasi ya alumini, nyingine wakaiweka dirishani. Ya gizani ilibaki buluu. Ya dirishani buluu iliondoka, ukabaki ukijani mtupu. Binti mmoja wa kidato cha tatu aliniita nikatazame, na alikuwa akinong'ona kana kwamba tungeiamsha. Nimefundisha baiolojia miaka mingi, na sikuwahi kuifanya kazi ile mwenyewe. Tulikuwa tukiichora ubaoni.

Kuhusu fedha, mahesabu kamili yapo kwenye taarifa ya mweka hazina mliyogawiwa. Niseme tu kwamba ada zinalipwa kwa kuchelewa, na kwamba waombaji wa msaada wa utafiti sasa wamewazidi tunaoweza kuwasaidia. Nawashukuru wanachama waliotoa paneli ya sola na betri. Jokofu halizimiki tena.

Mwaka ujao kamati inapendekeza tuanze kukusanya na kukausha majani ya miti ya miombo: mninga, mtundu, muyombo na mingine, kila jani likiwa na maandishi ya mahali, tarehe na jina la mti kwa Kinyamwezi. Tangu 2009 wataalamu wamekubaliana kutumia vipande viwili vya vinasaba vya kloroplasti, rbcL na matK, kama alama ya kutambulisha aina ya mmea. Hatuwezi kuvisoma hapa. Lakini anayeweza kuvisoma atahitaji jani lililotunzwa vizuri, lenye jina sahihi, na wenye majina hayo ni wazee walio ukumbini leo. Wengine tuliokuwa nao mwaka jana hatunao tena. Kwa hiyo sipendi kazi hii isubiri.

Nawaomba pia mtazame miombo mnaporudi makwenu mwezi wa tisa, kabla ya mvua, majani machanga yanapotoka mekundu kama shaba. Mmoja wa wanafunzi wetu anachunguza kwa nini jani hutanguliza wekundu kabla ya kijani. Dhana yake ni kwamba wekundu ule huikinga kloroplasti changa na jua. Anahitaji watu wa kumwekea alama matawi huko Sikonge na Igunga, na kumwandikia tarehe jani linapogeuka. Kamba na karatasi za alama zipo kwa katibu, mezani karibu na mlango.

Mambo ya kupigia kura ni matatu: jaribio la bani, mkusanyo wa miombo, na utaratibu mpya wa ununuzi wenye sahihi tatu. Katibu atayasoma moja baada ya jingine. Kwenye lile la ununuzi, kwa kuwa linanihusu, nitatoka nje ya ukumbi na makamu ataongoza kikao.

Mwenyekiti
Tabora