Barua ya wazi kwa Mkurugenzi Mtendaji: Rudisheni dawati la msaada wa kisheria kabla hamjatukopesha tena

Ndugu Mkurugenzi Mtendaji,

Ninakuandikia kwa heshima, nikiwa mweka hazina wa kikundi kimojawapo kati ya vile ambavyo shirika lako limevisajili katika mradi wake wa kupambana na umaskini na kuendeleza haki za wanawake. Barua zetu za awali zilipokelewa ofisini kwenu, zikagongwa muhuri, na hazikujibiwa. Kila tulipofuatilia tuliambiwa tusubiri mpango mkakati mpya, kwamba majibu ya maswali yetu yote yatakuwa humo. Mpango umetoka, tumeusoma kwa zamu hadi ukurasa wa mwisho, na tumekuta kwamba msaada wa kisheria kwa wanawake umeondolewa kabisa na fedha zake zimehamishiwa kwenye mikopo ya vikundi. Pengine tungeendelea kuvuta subira, kama tulivyozoea, lau mwenzetu mmoja asingefiwa na mumewe wakati huu huu.

Muda mfupi baada ya mazishi, ndugu wa marehemu walimtaka aondoke katika nyumba aliyoijenga pamoja na mumewe, wakachukua na shamba ambalo mavuno yake ndiyo yaliyokuwa yakilipa marejesho ya mkopo wenu. Hati zote zilikuwa na jina la mume peke yake. Mwenzetu alifanya kile hasa mlichotufundisha katika mafunzo yenu. Hakugombana na mtu; alikusanya cheti cha ndoa, cheti cha kifo na stakabadhi za vifaa vya ujenzi alivyonunua kwa fedha zake mwenyewe, akaenda kwenye dawati lenu la msaada wa kisheria. Alikuta limefungwa. Mfanyakazi aliyekuwapo alimweleza kwamba huduma hiyo haimo tena katika mradi, na kwamba akipenda anaweza kuzungumza na afisa mikopo ili aongezewe muda wa kulipa.

Muda huo haukuongezwa. Katika kikao kilichofuata afisa mikopo alisoma jina lake miongoni mwa waliochelewesha marejesho, naye akiwa ameketi pale pale na watoto wake, kisha akatukumbusha kwamba kwa mujibu wa mkataba kila mwanakikundi ni mdhamini wa wenzake. Tulichota fedha za mfuko wa jamii, zile tulizokuwa tumejiwekea kwa ajili ya ugonjwa na msiba, na hazikutosha. Mimi nilikuwa nimeandikisha cherehani yangu kuwa dhamana, nayo ikachukuliwa. Ndugu Mkurugenzi, cherehani hiyo ndiyo kazi yangu. Nguo za wateja ziko nyumbani kwangu zimekatwa na hazijashonwa, na baadhi ya wenyewe wameshakuja kudai fedha walizotanguliza. Ada ya mwanangu ilitoka hapo, na dawa za mama yangu, ambaye namuuguza mimi, zilitoka hapo hapo. Nimeanza kuwafikiria wale wakopeshaji wa riba kali ambao mafunzo yenu yalituonya tuwakimbie, na ninaogopa kwamba nikiingia huko sitatoka.

Simlaumu mwenzangu hata kidogo. Hakutoroka na mkopo wala hakuzembea. Alinyang'anywa mali iliyokuwa tegemeo la mkopo wenyewe, na shirika lililomkopesha lilikuwa na uwezo wa kumsaidia kuirudisha, likachagua kufunga huduma hiyo kabla hajaihitaji.

Nakukumbusha, kwa adabu, ahadi yako mwenyewe. Siku ya uzinduzi wa awamu ya kwanza ulisimama mbele yetu ukasema kwamba shirika lako halitamkopesha mwanamke fedha kisha limwache peke yake pindi mali yake inapoporwa. Tulikupigia makofi, na tulimaanisha. Wengi wetu tuliingia katika mradi kwa sababu ya ahadi hiyo, maana mikopo inapatikana mahali pengi, lakini mtu anayeijua sheria na ambaye hatakudai malipo ili akusikilize ni adimu sana. Leo haki za wanawake zimetajwa kwenye jalada la mpango wenu na katika utangulizi wake, na ukifika kwenye jedwali la bajeti hazina hata mstari mmoja. Kilichopo ni idadi ya mikopo, kiwango cha marejesho, mafunzo ya ujasiriamali na idadi ya wanawake watakaofikiwa.

Waandishi wa mpango wanaeleza kwamba mwanamke akishapata mtaji, haki zake zitafuata. Dhana hiyo si ngeni na imeshapimwa. Mwaka 2015 zilichapishwa kwa pamoja tafiti sita kuhusu mikopo midogo, zilizofanyika Bosnia na Herzegovina, Ethiopia, India, Mexico, Mongolia na Morocco. Kwa jumla zilionyesha kwamba mikopo iliwapa watu uhuru zaidi wa kupanga biashara na matumizi yao, lakini haikubadilisha kwa kiasi kikubwa kipato cha kaya wala nafasi ya mwanamke ndani ya nyumba yake. Mwaka huo huo yalitoka matokeo ya mfano ulioanzishwa na shirika la BRAC nchini Bangladesh mwaka 2002, ambao huipatia kaya maskini kabisa mali ya kuzalisha kama vile mifugo, posho ya muda, mafunzo, njia ya kuweka akiba na mtu wa kuitembelea mara kwa mara. Mfano huo ulijaribiwa katika nchi sita, na mwaka mmoja baada ya misaada kumalizika kaya zilikuwa bado zinakula vizuri zaidi na zina mali zaidi kuliko zile ambazo hazikusaidiwa. Hata hivyo, katika mambo kumi yaliyopimwa yapo mawili ambayo mafanikio yake ya awali hayakudumu, na mojawapo ni nguvu ya mwanamke ya kuamua. Ninaomba wataalamu wako walitafakari hilo kwa uzito wake. Hata programu iliyofaulu kuitoa kaya katika ufukara haikuweza, kwa mali peke yake, kumhakikishia mwanamke sauti ya kudumu.

Upo pia ushahidi wa upande wa pili, nao ni wa kutia moyo. Katika jimbo la Limpopo, Afrika Kusini, mradi uliojulikana kwa jina la IMAGE uliunganisha mikopo midogo na mafunzo kuhusu jinsia, ukatili wa majumbani na Virusi vya Ukimwi. Matokeo yake, yaliyochapishwa mwaka 2006 katika jarida la kitabibu la The Lancet, yalionyesha kwamba katika muda wa miaka miwili ukatili wa wenza dhidi ya wanawake walioshiriki ulipungua kwa asilimia 55. Fedha na haki ziliwekwa katika kikao kimoja, kwa wanawake wale wale, na matunda yakaonekana. Ndivyo mradi wenu ulivyokuwa mwanzoni, na ndiyo sababu inaniuma kuona mkiubomoa kwa mikono yenu.

Mpango wenu unajivunia kufuata Malengo ya Maendeleo Endelevu yaliyopitishwa na Umoja wa Mataifa mwaka 2015. Basi naomba msome shabaha ya 1.4, ambayo imo katika lengo la kutokomeza umaskini na wala si katika lile la usawa wa jinsia, inayotaka wanaume na wanawake wawe na haki sawa ya kumiliki na kudhibiti ardhi na mali nyingine, pamoja na urithi. Walioiandika shabaha hiyo walitambua kwamba mjane asiye na haki juu ya nyumba yake ni maskini, hata kama jana alikuwa na duka. Mkataba wa Kuondoa Aina Zote za Ubaguzi dhidi ya Wanawake, uliopitishwa mwaka 1979 na kuanza kutumika mwaka 1981, ulikwisha kutamka katika ibara ya 16 kwamba mume na mke wana haki sawa ya kupata, kumiliki na kusimamia mali. Sheria nzuri zipo, Ndugu Mkurugenzi. Tatizo ni njia ndefu iliyopo kati ya sheria hizo na mwanamke aliyefukuzwa nyumbani. Benki ya Dunia, katika ripoti yake ya mwaka 2024 kuhusu wanawake, biashara na sheria, ilieleza kwamba kwa wastani wanawake duniani wana chini ya theluthi mbili ya haki za kisheria walizo nazo wanaume, na kwamba mifumo ya kuzitekeleza haki hizo iko nyuma zaidi ya sheria zenyewe.

Katika njia hiyo ndefu ndipo lilipokuwa dawati lenu. Sijui kama taarifa za kila robo mwaka zilikufikishia kazi iliyofanyika pale, kwa hiyo nitaieleza. Wasaidizi wa kisheria hawakuwa wakikimbilia mahakamani. Mara nyingi waliandika barua moja yenye muhuri, wakaipeleka kwa kiongozi wa eneo, wakakaa na pande zote mbili na kusoma sheria kwa sauti, na ndugu waliokuwa tayari kuvunja kufuli wakarudi nyuma kwa kuona kwamba mwanamke yule hayuko peke yake. Walitufundisha kuandikisha majina mawili kwenye hati wakati mume angali hai na ana moyo mwema. Walituonyesha umuhimu wa kutunza stakabadhi, ndiyo maana mwenzetu alikuwa nazo. Kesi zilipofika mahakamani walimsindikiza mwanamke, wakamweleza ni fomu gani anaijaza na ni siku gani arudi, kwa sababu wengi wetu tunashindwa kesi kwa kutojua tarehe, wala si kwa kukosa haki. Kazi hiyo haikuhitaji majengo wala magari. Ilihitaji watu wachache waliofunzwa, meza, karatasi na nauli.

Nitagusia kwa kifupi suala la muda wetu, maana nalo limesahauliwa. Mpango mpya unaongeza vikao vya lazima na mafunzo, na anayechelewa anatozwa faini. Shirika la Kazi Duniani lilikadiria mwaka 2018 kwamba wanawake hufanya asilimia 76.2 ya saa zote za kazi za matunzo zisizolipwa. Mwanamke anayeuguza na kulea hawezi kuongezewa saa katika siku kwa sababu jedwali la shirika limeongezwa mistari.

Kwa nini huduma hii imeondolewa, hakuna aliyetueleza, kwa hiyo tumebaki kukisia. Nadhani wafadhili wanataka matokeo yanayohesabika ndani ya mwaka mmoja. Mkopo unahesabika siku ile ile unapotolewa, ilhali shauri la mirathi linaweza kuchukua miaka, na mwisho wake ni mwanamke mmoja kubaki katika nyumba yake, jambo ambalo katika taarifa linaonekana dogo. Wapo wanakikundi wanaoamini kwamba viongozi fulani wa maeneo walikereka kwa sababu dawati liligusa ardhi za jamaa zao, na shirika likaona heri amani. Kama tunakosea, tuambieni sababu ya kweli. Kama hatukosei, basi ninakuuliza kwa heshima zote, amani hiyo mmeinunua kwa mali ya nani?

Tulikuwa na orodha ndefu ya maombi. Tulitaka vikundi vishirikishwe kabla ya mpango kupitishwa, badala ya kuitwa kwenye warsha ya kuutambulisha ukiwa umeshachapishwa. Tulitaka marejesho ya mjane yasimamishwe mpaka mirathi iamuliwe, na dhamana zilizochukuliwa kwa ajili ya deni lake, pamoja na cherehani yangu, zirudishwe kwa wenyewe. Bado tunayataka hayo. Lakini kama mtaweza kutekeleza jambo moja tu, tunaomba liwe dawati la msaada wa kisheria. Lirudisheni, hata kama ni kwa wasaidizi wawili na siku mbili katika juma, hata kama itabidi mikopo ya awamu hii ipungue. Tumelijadili hili kikundini, na waliosimama kusema wako tayari kukopa kidogo zaidi ni wale wale wanaohitaji mtaji kuliko wote.

Bodi yako inakutana mwisho wa mwezi huu kuidhinisha mpango, na baada ya hapo tutaambiwa kwamba bajeti imefungwa. Kabla ya siku hiyo, mfungulie mwenzetu mlango. Anazo stakabadhi zake zote, anahitaji mtu wa kumwandikia barua ya pingamizi kabla shamba halijauzwa, na hana pengine pa kwenda. Rudisheni dawati la msaada wa kisheria, Ndugu Mkurugenzi, na mlirudishe sasa.

Wako katika kazi,

Mweka hazina, kwa niaba ya wanakikundi