Wanangu, hesabu ya mchango wa marehemu isomwe

Kwa vijana wa Moshi mnaochangisha fedha kwa majina ya marehemu wetu,

Nawasalimu kwa upendo. Kijana anayemlilia rafiki yake, kisha akaona kilio hicho kimfae na mwingine, amelelewa vizuri, na kwa hilo nawashukuru wazazi wenu. Lakini nimekasirika, na sitaificha hasira yangu.

Mwaka jana tulimzika binti wa mtaani kwetu, mwalimu wa shule ya msingi. Rafiki zake wakaunda kamati, wakatangaza matembezi ya hisani na harambee ya kununua madawati ya shule aliyokuwa akifundisha. Watu walichanga. Hata akina mama wanaouza mitumba Kiborloni walichanga. Fulana zikachapwa zikiwa na sura ya marehemu, mahema yakafungwa, mshereheshaji akalipwa, wapiga picha wakalipwa. Mwalimu mkuu akakabidhiwa mfano wa hundi, karatasi ngumu ndefu kama mlango, akapigwa nayo picha. Mpaka leo shule imepata karatasi hiyo tu. Madawati hayajafika. Na anayeulizwa si kamati. Anaulizwa mama wa marehemu, kanisani, sokoni, kwenye daladala: “Yale madawati ya mwanao vipi?” Yeye hakushika hata shilingi moja ya mchango ule. Mmemwongezea msiba juu ya msiba.

Nimeshika vitabu vya chama cha msingi cha ushirika wa kahawa mpaka nilipostaafu, kwa hiyo mtanivumilia nikisema sana juu ya hesabu. KNCU, chama kikuu cha ushirika cha wakulima wa kahawa wa Kilimanjaro, ilianza mwaka 1933, na wakulima wengi waliopeleka kahawa zamani zile hawakujua kusoma. Lakini mkulima hakuondoka mezani bila stakabadhi ya kilo zake. Akifika nyumbani alimpa mtoto amsomee. Karani aliyekosea alirudiwa siku hiyo hiyo, na hakuna aliyemwona mkulima yule mkorofi.

Tena msiniambie hesabu haipatani na majonzi. Sisi hapa tukimaliza msiba, daftari la rambirambi linasomwa mbele ya watu. Fulani kaleta mchele, fulani elfu tano, jeneza limechukua kiasi hiki, usafiri kiasi hiki, kimebaki hiki, apewe mjane. Wote wanasikia na hakuna anayeona aibu. Iweje basi fedha za siku 3 za matanga zisomwe mpaka senti, na fedha za harambee ya mwaka mzima zikae kwenye simu ya mtu mmoja?

Basi fanyeni hivi. Fungueni akaunti ya benki yenye watia saini watatu, mmoja atoke kwenye familia ya marehemu. Namba ya simu ya mtu binafsi isitangazwe kabisa. Ahadi ziandikwe peke yake na taslimu peke yake, maana nimeona kamati ikitangaza jumla ambayo nusu yake ilikuwa maneno. Gharama za fulana, chakula na mahema zilipwe na wanaotaka fulana, chakula na mahema; mchango wa madawati ununue madawati. Ndani ya mwezi mmoja taarifa ya mapato na matumizi isomwe, na risiti ziwekwe mezani, hata kama kilichopatikana ni kidogo.

Wanaotaka kupanda mlima kwa ajili ya marehemu, sheria ni ile ile. Ada za hifadhi, waongozaji, wapagazi, chakula cha siku zote hizo, ni fedha nyingi, na mpandaji ajilipie. Ule upandaji wa Mlima Kilimanjaro uitwao Kili Challenge, ulioanzishwa na mgodi wa dhahabu wa Geita mwaka 2002 umedumu, na mpaka leo kila mtu anajua unachangisha kwa ajili ya mapambano dhidi ya UKIMWI. Lengo ni moja, halibadiliki kila msimu.

Mengine nayasema kwa kifupi. Ombeni ruhusa kwa familia kabla ya kuchapa sura ya mtu wao. Watoto mnaowasaidia msiwaanike picha zao. Mkitaka mfuko wa kudumu, sajilini: bodi ya wadhamini isajiliwe RITA, wakala wa serikali wa usajili, ufilisi na udhamini; kikundi kidogo kisajiliwe halmashauri. Na kabla ya kununua chochote, muulizeni mwalimu au muuguzi kinachohitajika. Ada imeondolewa shule za serikali mpaka kidato cha 4 tangu mwaka 2016, na kidato cha 5 na 6 tangu 2022, lakini bado nasikia watu wanachangisha “ada.” Mtoto anakosa sare, chakula cha mchana, taulo za kike, nauli.

Na sisi wakubwa tusijifiche nyuma ya makosa ya vijana. Ni sisi tunaompigia makofi mgeni rasmi akiahidi mamilioni, akaondoka, na hakuna anayemfuata kumkumbusha. Ni sisi tunaokaa kamati ya harusi miezi 6, lakini mgonjwa akilazwa hospitali ya KCMC na ndugu wakaomba mchango wa matibabu, hatupokei simu zao. Akifa, rambirambi zinamiminika. Fedha ilikuwepo, wanangu. Mgonjwa alipoihitaji hatukuitoa. Ukimpenda mtu, mchangie akiwa bado anapumua, ndipo ukichangisha kwa jina lake baadaye watu watakuamini.

Kwa wale walioniambia wangependa kumkumbuka mtu wao lakini hawana fedha: changieni damu. Kituo cha Damu Salama cha Kanda ya Kaskazini kipo hapa hapa Moshi. Anatakiwa mtu mwenye afya njema, wa miaka 18 mpaka 65, mwenye uzito wa kilo 50 au zaidi. Mwanamume anaweza kurudi kila baada ya miezi 3, mwanamke miezi 4. Mkiwa kikundi, toeni taarifa mapema kituoni ili wawapangie siku, na asubuhi hiyo kila mtu ale vizuri kabla ya kutoka nyumbani.