Bomba lapita, dumu larudi tupu

Ndugu Mhariri,

Mara ya mwisho kuliandikia gazeti lako, stempu zilikuwa bado zinalambwa kwa ulimi. Tangu hapo nasoma na kunyamaza. Mbolea ikipanda bei, nanyamaza. Lumbesa ikikatazwa kisha ikarudi, nanyamaza, ingawa hilo la lumbesa nitaligusa mbele kidogo. Lakini ile taarifa yenu ya TAZAMA, bomba la mafuta la kutoka Dar es Salaam hadi Zambia, yenye wachambuzi wawili wanaogombea hasara na faida kama watani wa Simba na Yanga, imenishinda.

Unakumbuka walivyosema. Wa kwanza alidai bomba ni la Wazambia, kwa kuwa hisa mbili kati ya tatu ni zao na sisi tuna moja tu, hata ofisi kuu iko Ndola, kwa hiyo Mtanzania hana sababu ya kuumiza kichwa. Wa pili akaja juu: huo ni urithi wa Mwalimu na Mzee Kaunda, na wananchi wa ukanda wote linakopita wananufaika. Hapo ndipo nilipovua miwani. Wananchi gani? Mimi naishi linakopita. Nimezaliwa linakopita kabla halijapita.

Wala silipingi bomba. Marehemu baba yangu alikuwa kibarua wakati wa kulichimba. Vijana wa siku hizi hawajui kwamba Novemba 1965 Ian Smith alijitangazia uhuru wake kule Rhodesia, na Zambia, ambayo mafuta yake yalikuwa yakipitia huko kusini, ikabaki imeshikwa koo. Mafuta yakawa yanapelekwa kwa mapipa juu ya malori kupitia barabara hii hii yetu, wakati huo ikiwa vumbi na tope, na madereva walikufa humo hadi Wazungu wakaibatiza njia ya jehanamu. Ndipo likachimbwa bomba kutoka Dar es Salaam hadi Ndola, kilomita 1,710, likakamilika 1968. Waliokuja kulijenga walikuwa Wataliano. Baba alikuwa akisema kila jembe walilopiga lilikuwa la kumchimbia Smith kaburi. Alilipwa ujira wa siku, akarudi nyumbani na makopo mawili ya nyama na neno moja la Kitaliano ambalo siwezi kuliandika gazetini.

Kwa hiyo tulilipokea bomba kwa moyo mweupe. Tulikubali mkuza, ule ukanda wa ardhi uliotengewa bomba: hapa usijenge, hapa usipande mti wa mizizi mirefu, hapa usichimbe shimo la choo. Sawa. Parachichi zimekuja kuwa dhahabu ya nyanda hizi, lakini ndani ya mkuza hupandi hata mche. Sawa pia. Na kila tulipouliza, na sisi tunapata nini, jibu lilikuwa moja, na lilikuwa jibu la haki: hayo ni mafuta ghafi, mzee, ukiyatia kwenye mashine yako utaiua. Yanakwenda kusafishwa Indeni, Ndola. Miaka hamsini tulilimeza jibu hilo, tangu kiwanda hicho kilipoanza 1973.

Sasa sikiliza, Mhariri, maana hili wachambuzi wako wote wawili wamelipita kama gari la msafara. Tangu 2023 bomba halibebi tena mafuta ghafi. Linabeba dizeli. Dizeli iliyokwisha kusafishwa, ile ile inayotiwa kwenye trekta, kwenye mashine ya kukoboa mpunga na kwenye pampu ya maji. Inatoka Kigamboni, inapanda Morogoro, inapanda Iringa, inasukumwa tena hapa Mbeya ambako kuna kituo cha kusukumia, kisha inatuaga na kuelekea Zambia. Ukipima, Mbeya ni kama nusu ya safari yote. Na dizeli ninayonunua mimi inaletwa na lori kutoka Dar es Salaam, juu ya lami, sambamba na dizeli nyingine inayopita chini ya ardhi. Ndiyo maana EWURA, wadhibiti wa bei ya mafuta, wanapotangaza bei elekezi kila Jumatano ya kwanza ya mwezi, Mbeya tuko juu ya Dar, na wa Kyela na Tukuyu wako juu yetu. Tunalipia nauli ya lori, huku bomba likipita mlangoni bure.

Naomba nieleze kilichonipata Septemba 2023, mwezi ule mafuta yalipoadimika nchi nzima na kila mtu akawa anasingizia dola. Nilikuwa na ekari moja na nusu ya viazi vya kumwagilia, vimeanza kutoa maua, na kwa anayelima viazi hahitaji kuelezwa maana ya kukosa maji wakati wa maua. Pampu yangu ni ya dizeli. Nikachukua dumu la lita ishirini, nikapanda bodaboda hadi sheli ya kwanza: hakuna. Ya pili: hakuna. Ya tatu ipo, foleni imetoka nje hadi barabarani. Nikasimama saa mbili unusu na dumu langu. Nilipofika, kijana akaniangalia dumu badala ya uso, akasema, "Mzee, shikamoo. Dumu haliruhusiwi." Nikamwambia marahaba, mwanangu, mimi sina gari, nina pampu iko shambani. Akasema sheria ni sheria, niilete hiyo pampu. Sikumlaumu, ni mtoto wa mtu na ana bosi. Nikarudi nyumbani, nikakodi guta, tukaifungua pampu mimi na mjukuu wangu, tukaipandisha kama mgonjwa anayepelekwa rufaa, tukaifunga kamba na blanketi ili isigonge. Watu njiani wakatupa pole wakidhani ni msiba. Tukapanga foleni upya, guta katikati ya Fuso na Noah. Zilipobaki gari nne mbele yetu, kijana yule yule akatundika kibao: dizeli imekwisha. Sikusema neno. Tukageuza. Njiani mnyororo wa guta ukakatika, na mwenye guta akaenda kutafuta fundi. Nikatafuta mahali pa kukaa, nikakaa juu ya kiguzo cha zege. Mjukuu akaniuliza, babu, hicho kiguzo ni cha nini? Ni cha alama ya bomba, Mhariri. Nimekaa juu ya dizeli, nina pampu isiyo na dizeli, nasubiri mnyororo. Yule mtoto ana miaka tisa. Akasema, "Si tuchimbe kidogo tu?" Nikamkemea kwa sauti, maana huo ni wizi na ni kifo, na nikamsimulia habari za Msamvu, Morogoro, Agosti 2019, lori la mafuta lilipopinduka, watu wakakimbilia na vidumu, ukazuka moto na zaidi ya watu mia moja wakafa. Alinisikiliza. Lakini swali lake sikulijibu mpaka leo, na ninyi hamkulijibu katika kurasa zenu mbili.

Viazi nilivuna nusu gunia mahali pa gunia. Na hapo ndipo lumbesa inapoingia, maana haya mambo ni ndugu. Dalali alipokuja akasema bei iko chini kwa sababu dizeli iko juu, nauli ya kwenda Dar imepanda. Halafu akatoa gunia lake lenye kilemba cha wavu, linalomeza gunia moja na kiasi, akalipa gunia moja. Nikamuuliza, hicho kilemba nacho kinatumia dizeli? Akacheka. Sheria ya vipimo ipo, mizani ipo, matangazo ya redioni yapo, na lumbesa ipo.

Nirudi kwenye bomba. Wenye malori wanalalamika kwamba likibeba dizeli yote ajira za madereva zitakufa. Nina mpwa wangu dereva, simtakii njaa. Lakini aliyeshuka Mlima Nyoka au Iwambi jioni, mbele yake lori la mafuta na nyuma yake lori la mafuta, breki zinanuka, huyo hawezi kuimba wimbo mmoja na wenye malori. Mtu anayepiga hesabu ya hasara na faida ya bomba bila kuweka humo makaburi ya kandokando ya barabara hii, hesabu yake ni ya duka, haifai kwa nchi. Na foleni ya Tunduma je? Humo malori hulala, madereva hulala, na vijana wanavusha mafuta kwa vidumu kwenda ng'ambo bila mtu kuwaambia dumu haliruhusiwi. Kwa hiyo dizeli inakwenda Zambia kwa bomba, kwa lori na kwa kidumu. Njia zote tatu zinapita kwetu.

Wengine watanijibu kwamba dizeli ya bombani ni ya kupita tu, haijalipiwa kodi ya hapa, haichanganywi na ya ndani. Najua. Nayo ya lori ya kwenda Zambia ni ya kupita vile vile, na serikali imeweza kuitofautisha na ya ndani kwa vinasaba, ile dawa ya alama inayotiwa kwenye mafuta ya ndani. Hatuombi ya bure, hatuombi isiyolipiwa kodi. Tunaomba koki. Pale pale kituoni Mbeya pafungwe koki, mita, na matangi ya kuhifadhia. Mtu wa TRA akae upande mmoja wa mita na wa vinasaba upande wa pili, na Mzambia mwenye hisa zake mbili akae katikati akisoma namba kwa sauti. Kila lita iliyotoka hapa irudishwe kwa hesabu kule Kigamboni. Iringa nao wana kituo, wafungiwe yao. Nasikia habari za kujenga bomba la pili kando ya hili. Basi hilo la pili lichorwe na koki zake tangu kwenye karatasi, isije ikawa wajukuu wa mjukuu wangu nao wanakalia viguzo. Wenzetu wa Kagera hadi Tanga wamepitishiwa bomba la Uganda, kilomita 1,443, na TPDC, shirika letu la mafuta, ina asilimia 15 humo. Fidia zao zina malalamiko yake, lakini angalau wao walikaa kwenye viti wakaulizwa. Baba yangu aliulizwa kama ana jembe.

Kama koki haiwezekani, basi aje mtu mzima mmoja kutoka huko juu, mwenye tai, afike sheli yoyote ya hapa siku ya uhaba akiwa amebeba pampu. Nitamkodia guta mimi mwenyewe. Blanketi ninalo.

La mwisho ni dogo, ila limenikera kuliko yote. Picha mliyoweka juu ya ile taarifa, yenye bomba la buluu na akina mama wenye ndoo pembeni, ni bomba la maji. La mafuta limefukiwa tangu 1968. Mkitaka picha yake njooni mpige nyasi, nitawaonyesha zinapoanzia.

Mkulima wa viazi, kandokando ya mkuza,
Mbeya