Ubao ulionielekeza

Swahiba,

U mzima? Mimi mzima, koo tu limekauka kwa kusema. Najua umeninunia, miezi mitatu kimya, na ujumbe wako wa mwisho nimeulalia. Nisamehe. Ni ule ubao wa chesi wa mtandaoni, ule ulionielekeza wewe niwafundishie watoto. Nusu nakuandikia kukushukuru, nusu kukulaumu.

Sikia kisa. Jumamosi niliwawekea watoto mchezo wa Paul Morphy, yule bingwa wa Marekani wa zamani, ule aliocheza kwenye jumba la opera, Paris 1858, dhidi ya Duke wa Brunswick na Count Isouard. Nikausimamisha kwenye hatua ya 16, zilizobaki nikazificha, nikauliza: nyeupe icheze nini? Nilitegemea wakune vichwa dakika tano. Kabla sijameza mate, yule mdogo wao akajibu, "Malkia aende mraba wa b8, mwalimu." Malkia atolewe kafara, farasi amle, ngome ipande d8, mfalme kwisha! Nilimsifu mpaka nikapaliwa. Nikamwita mama yake aje ajionee. Mama akatazama skrini, akauliza kwa upole, "Na haya maandishi ya pembeni, Qb8, ni ya nini?"

Injini, ndugu yangu, ile programu inayoonyesha hatua bora. Nilikuwa nimeiacha wazi kwa wote.

Nimeifunga. Kumbe hilo lilikuwa dogo. Mwanzoni niliwapa wote ruhusa ya kusogeza kete, ikawa soko: mimi naeleza udhaifu wa mraba wa f7, huyu anamtembeza mfalme, yule anarudisha mchezo hatua kumi nyuma. Nikawanyang'anya. Darasa likatulia, nami nikajiona mwalimu. Mishale ya kijani, miduara myekundu, nachora tu! Wiki ya tatu ndipo nikagundua wameacha kucheza, wananitazama mimi nikicheza.

Kwenye ubao wa mbao ningejua mapema. Unaona jicho la mtoto linakokwenda, unaona mkono unavyosita juu ya askofu kisha unahamia kwa farasi. Mtandaoni kete inatokea imeshafika, na njia aliyopita kichwani huioni. Basi nami, kwa kutoona, najibu kwa niaba yao. Mkono unaniwasha, swahiba.

Sasa kila mtoto namfungulia sura yake, yaani ubao wake mwenyewe humo mtandaoni, nafasi ileile kwa wote, acheze peke yake kwanza, halafu tunatembeleana. Juzi ilikuwa nafasi ya Lucena, ya mwisho wa mchezo: ngome na askari dhidi ya ngome. Wawili waliipandisha ngome safu ya nne, wakajenga daraja vizuri, ngome ikamkinga mfalme na shaha. Wa tatu alikimbiza mfalme wake huku na huku akipigwa shaha hata askari akamponyoka. Nilipomuuliza alikuwa anakwenda wapi, akasema, "Namtafutia kivuli." Kivuli! Daraja lenyewe si ndilo hilo? Nikataka kumsogezea ngome... nikaukalia mkono.

Sijui nitaukalia mpaka lini, ndiyo maana nina ombi. Jumamosi ingia kama mtazamaji, usiseme neno, unihesabie tu ni mara ngapi nasogeza kete kabla mtoto hajafungua kinywa.

Utapata nafasi? Na wewe unawaachia muda gani kabla ya kusaidia? Anayecheza nyeusi unamgeuzia ubao, au anazoea kutazama toka upande wa nyeupe? Mama Pacha bado anafundisha wale watu wazima, na mishale kawaruhusu kuchora? Yule wetu wa "gambiti au kufa", mpenda kutoa kafara mwanzoni, ameshajifunza kukasili, kumficha mfalme pembeni kwa msaada wa ngome? Koti langu bado liko kwako?

Kiungo nakutumia Ijumaa usiku. Usije ukawasha injini.

Wako,
Mwalimu wa kivuli